Acheni kusubiri projekta, wazee hawasubiri

Jumatano usiku, bwenini. Najua nimeadimika hapa ukumbini, ila wiki hizi ni za tesiti na kila mtu huku amegeuka popo, analala mchana na kupiga msuli usiku. Leo ilikuwa nipumzike, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu semina ya asubuhi na nisipolitema sitapata usingizi.

Mada ilikuwa matumizi ya teknolojia katika kufundisha historia sekondari. Kundi lililowasilisha lilikuja na slaidi 34. Zina maneno kibao, wenyewe wakatupa mgongo wakawa wanausomea ukuta. Hitimisho lao likawa hivi: teknolojia ni nzuri sana, itamfanya mwanafunzi aipende historia, ila ianzie mijini. Shule za vijijini zisubiri kwanza umeme wa uhakika, projekta, kompyuta na intaneti. Mmoja wao akatoa na mfano, eti "shule za Mara huko ndani ndani". Watu wakacheka.

Mimi natoka huko ndani ndani. Natoka Busawe, wilaya ya Serengeti, nchi ya Wangoreme. Kwa asiyejua, Mara sio simba na nyumbu peke yao, kuna na watu. Na nilichotaka kusema pale semina, kabla muda haujaisha na mwenyekiti hajafunga kikao, ni kwamba hao jamaa wameshika kifaa upande usio wake. Kwao teknolojia ni kitu cha kuonyeshea. Mimi nasema kwa somo la historia, na hasa kwa shule kama zetu, teknolojia ya kwanza ni ya kurekodia. Kuonyesha baadaye. Na hiyo ya kurekodia tunayo tayari, imo mifukoni mwa watu.

Ngoja nianze na hiyo projekta yenyewe maana inaabudiwa sana. Shule moja ambayo jina silitaji, nilikofanyia mazoezi ya kufundisha, projekta ipo. Iko ofisini kwa mkuu, imefunikwa kitambaa cha mezani chenye maua, inatolewa wakaguzi wakija. Siku niliyoruhusiwa kuitumia nilishuhudia mwenzangu akichukua notisi zilezile za ubaoni, za miaka nenda rudi, akazipandisha ukutani. Wanafunzi wakanakili. Zamani walinakili kutoka ubaoni, siku hiyo wakanakili kutoka ukutani. Tofauti ni kwamba mapazia yalifungwa na joto likaongezeka. Hayo madesa yamebaki madesa, hata yangeandikwa kwa dhahabu.

Msinielewe vibaya, picha ina kazi yake. Mtoto wa Busawe hajaiona bahari. Ukimfundisha Kilwa kwa mdomo tu, misikiti ya mawe ya matumbawe, majahazi ya pepo za kusi na kaskazi, unamwambia habari za mwezini. Mwonyeshe picha tano za Kilwa Kisiwani na ramani ya pwani uone macho yanavyobadilika. Olduvai vilevile. Mary Leakey aliliokota lile fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zilipatikana mwaka 1978, zina miaka milioni 3 na zaidi. Sisi kule tuko jirani na Olduvai kuliko watu wa Dar, lakini wengi wetu tuliziona hizo nyayo kwa mara ya kwanza kwenye mchoro wa kitabu, umechoka mpaka unafanana na alama za matope. Kwa mambo ya namna hiyo, leteni picha, leteni video, leteni hata hiyo projekta yenye maua. Sina ugomvi.

Ugomvi wangu uko hapa. Kila aliyesoma historia sekondari nchini anaikumbuka mada ya kwanza ya kidato cha kwanza, vyanzo vya historia. Masimulizi ya mdomo, akiolojia, maandishi, makumbusho, nyaraka, isimu. Tulikremu faida za masimulizi ya mdomo, kwa Kiingereza, pointi tano. Tukakremu na hasara zake, pointi tano. Tukatema kwenye mtihani, tukapata alama. Na katika darasa zima la watoto zaidi ya hamsini hakuna hata mmoja aliyetumwa kwenda kumuuliza bibi yake swali moja. Bibi yuko nyumbani anapepeta ulezi, mtoto yuko darasani anaimba kwamba masimulizi ya mdomo yana hasara ya kusahaulika. Jamani! Yanasahaulika kwa sababu wewe umekaa hapo unaimba.

Na sio kwamba wazo hili nimelivumbua mimi usiku huu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, enzi hizo bado ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliingia vijijini kuwahoji wazee juu ya vita ya Maji Maji. Nyuma ya kazi hiyo walikuwapo akina Gilbert Gwassa na John Iliffe. Zile karatasi zilizokusanywa ndizo wanahistoria wamekuwa wakizirudia mpaka leo, kwa sababu kabla ya hapo sauti kubwa katika habari za Maji Maji ilikuwa ya Wajerumani na makaratasi yao. Sasa piga hesabu. Vita ilianza 1905, wao wamekwenda 1968. Ni miaka 63. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati wa vita alikuwa na 78 walipomfikia. Wangechelewa miaka kumi tu wangekuta makaburi.

Rudi nyumbani Mara upige hesabu hiyohiyo. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mtu aliyekuwa na miaka 20 siku hizo, aliyekuwa akiwinda na kulisha ng'ombe kule ambako leo ukikanyaga bila kibali unakamatwa, leo amevuka 90. Wamebaki wangapi? Operesheni Vijiji kule kwetu ni miaka ya 1973 na 1974. Aliyehamishwa akiwa mama wa miaka 25 na mtoto mgongoni, leo ameshavuka 75. Vita ya Kagera ilianza Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Askari aliyekuwa na miaka 20 sasa anakaribia 70 au kaipita, na mkoa wa Mara unavyojulikana kwa kutoa wanajeshi, kila kijiji kina wazee wa aina hiyo wamekaa chini ya mti wanacheza bao. Mwanafunzi wa kidato cha nne anapita mbele yao, anasalimia kwa adabu, anaenda shuleni kukremu sababu na matokeo ya vita ya Kagera.

Hii ndo sababu nilikasirika pale semina. Mtu anakwambia subiri umeme ufike, subiri projekta, subiri awamu ya pili ya mradi. Umeme utafika. Mzee je?

Halafu hebu tuseme ukweli juu ya vifaa. Baada ya sensa ya Agosti 2022, serikali iliamua vile vishikwambi vilivyohesabia watu viende kwa walimu. Vikagawiwa. Kishikwambi kina kamera, kina kinasa sauti, kina ramani. Nimeona vinavyotumika: wengine wanaangalizia mpira, wengine kimewekwa kabatini kisije kikaibiwa, na wachache wanasomea vitabu vya Taasisi ya Elimu, hao nawapa hongera. Lakini sijaona mwalimu wa historia aliyekiwasha mbele ya mzee. Pamoja na hicho kuna simu. Najua mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, na sidai sheria hiyo ifutwe, wenyewe tunajua kinachotokea bwenini. Nyumbani je? Wakati wa likizo kuna simu ya baba, ya shangazi, ya kaka bodaboda. Hata kale kasimu kadogo ka batani kenye memori kadi kanarekodi sauti.

Watu wakisikia kurekodi wanafikiri ni gharama. Sauti ni nyepesi. Ukirekodi kwa kiwango cha kawaida cha mazungumzo, tuseme kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima inakula kama megabaiti 29. Memori kadi ya GB 8 inabeba zaidi ya saa 270. Hapo unaweza kukaa na wazee wa kata nzima mpaka wakuchoke. Hutaki intaneti, hutaki umeme wa gridi, kale kasola ka kuchajia simu pale senta kanatosha. Weka simu kwenye mfumo wa ndege isije ikaita katikati ya maneno. Usiishike mkononi, iweke juu ya kigoda na chini yake kanga iliyokunjwa, maana mbao inapiga kelele. Kaa mbali na bati mvua ikija. Kuku huwezi kuwazuia, achana nao, nao ni historia.

Likizo iliyopita nilikaa na bibi yangu namna hiyo, saa mbili na dakika kumi. Nilichojifunza pale hakuna mhadhara ulionifundisha. Kwanza bibi hana miaka. Hasemi 1974. Anasema "wakati ule wa Operesheni, mjomba wako bado ananyonya". Anasema "kabla ya rika la fulani halijatahiriwa". Anasema mama yake alimwambia habari za nzige waliofunika jua. Kwa hiyo kazi ikawa kwangu. Mjomba kazaliwa lini, cheti cha ubatizo kinasemaje, nzige walivamia Tanganyika lini (mwanzoni mwa miaka ya 1930, hilo lipo kwenye vitabu). Unakaa na daftari unavuta kamba kutoka pande mbili mpaka zinakutana. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba ninafanya historia. Miaka yote ile ya shule nilikuwa nafanya kukariri.

Pili, bibi na babu mdogo hawakubaliani. Bibi anasema walihamishwa nyumba ikaezuliwa, mtama ukabaki shambani. Babu mdogo, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, anasema watu walihama kwa hiari baada ya kuelimishwa. Nani mkweli? Mwalimu wa madesa angekwambia hii ndiyo hasara ya masimulizi, pointi namba tatu, tunaendelea. Mimi nakwambia hapo ndipo kipindi kinapoanza! Weka sauti ya bibi, weka ya babu, darasa zima lisikie. Uliza kila mmoja alikuwa nani siku ile, alipoteza nini, alipata nini. Kisha fungua kitabu cha kiada, soma aya yake kuhusu vijiji vya ujamaa, muulize mwanafunzi aya hiyo ameisema nani, bibi au babu? Mtoto wa kidato cha pili analiweza swali hilo. Tatizo hatumuulizi.

Na kuna picha pia, multimedia hiyo mnayoipigia kelele. Kila nyumba ya zamani kule kwetu ina sanduku la bati. Ndani mna kadi ya TANU, risiti za kodi ya kichwa, barua ya mtoto aliyekuwa jeshini, picha ya studio ya Musoma mtu kasimama na redio begani. Vitu hivyo vinaliwa na mchwa kila siku. Kamera ya simu inavipiga vyote kwa dakika kumi, mbele na nyuma, bila kuvitoa nyumbani kwa mwenyewe. Sambamba na hilo kuna ramani. Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Kimarekani aliyefanya utafiti Mara miaka ya 1990, ameonyesha kwenye kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007 kwamba wazee wa magharibi mwa Serengeti huibeba historia yao kwa mahali. Kilima hiki, chemchemi ile, mahame ya ukoo fulani. Ukimtoa mzee kwenye kiti mkatembea naye, kumbukumbu zinaamka. Basi simu ina GPS. Tembea naye, kila anaposimama weka alama. Darasa moja likifanya hivyo mwaka mmoja mtapata ramani ambayo haipo kwenye atlasi yoyote.

Hapo hapo niseme na hili linaloniuma zaidi. Shetler huyo mwaka 2003 alitoa kitabu kingine, Telling Our Own Stories, kilichokusanya historia za kusini mwa Mara zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Ndiyo, wenyewe. Wazee wetu hawakungoja chuo, waliandika. Kule misheni ya Iramba, kwenye miaka ya 1960 kuelekea mwisho, kuliandaliwa maandishi ya Kiswahili kuhusu mila na matendo ya Wangoreme. Kitabu cha Shetler kimechapishwa Leiden, Uholanzi, na Brill, na bei za vitabu vya namna ile sisi wa bumu hatuzitazami mara mbili. Namshukuru mama yule, kazi yake ni kubwa na bila yeye mengi yangepotea. Lakini hivi inaingia akilini kwamba mwanafunzi wa Leiden anaweza kuingia maktaba akasoma habari za babu yangu, na mwanafunzi wa Busawe hawezi? Hiyo nayo mtasema inasubiri umeme?

Kuna watakaosema mtihani. Nawasikia. Baraza la Mitihani linataka insha zenye pointi, mwalimu anapimwa kwa ufaulu, nani ana muda wa kukaa na bibi. Jibu langu ni kwamba mada ya vyanzo vya historia ipo kwenye mtihani, na aliyerekodi masimulizi haihitaji kuikariri. Atakwambia mwenyewe kwa nini mzee anaruka jambo fulani, kwa nini anakikuza kilichofanywa na ukoo wake. Kisingizio cha lugha nacho kimepungua nguvu. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima, linalofundishwa kwa Kiswahili. Bibi akizungumza Kingoreme, mtoto anatafsiri kwenda Kiswahili, na katika kutafsiri huko analazimika kuelewa. Jaribu kutafsiri neno la rika au la ukoo uone kama utaweza kukremu.

Pingamizi ninaloliheshimu ni moja tu, alilitoa dada mmoja wa Tarime tulipokuwa tunatoka semina. Alisema sio kila jambo linarekodiwa. Ni kweli. Yapo ya jando, yapo ya wizi wa ng'ombe na watu waliokufa ambao koo zao mpaka leo hazijapatana. Mtoto wa miaka 15 akimrekodi mzee akimtaja aliyemuua nani, halafu faili likarushwa WhatsApp, umewasha moto kijijini. Kwa hiyo ruhusa iombwe kabla, mzee aambiwe sauti itakwenda wapi, na akisema zima, unazima. Mwalimu asikilize kwanza kabla darasa halijasikia. Hilo ni suala la adabu, na adabu kule kwetu haijafundishwa na projekta.

Kwa hiyo wale wenzangu wa slaidi 34, mkipangiwa shule Serengeti, au Tarime, au Kibondo huko, msiende kuandika barua ya kuomba projekta wiki ya kwanza. Chukueni kishikwambi mlichokikuta ofisini, kifuteni vumbi. Ombeni kibali kwa mkuu wa shule na mwenyekiti wa kijiji. Wapeni watoto maswali matatu tu kwa kuanzia: ulihamishwa kutoka wapi, nani alikuja kuwaambia, mliacha nini. Kila faili liandikwe jina la mzee, mahali, tarehe na jina la mtoto aliyerekodi, maana faili linaloitwa "Rekodi 0017" baada ya miaka miwili ni sawa na kaburi lisilo na msalaba. Nakala moja ibaki shuleni, moja ofisi ya kata, na moja irudi kwa familia ya mzee ikae kwenye simu zao. Hiyo ya tatu ndiyo watu husahau, na ndiyo inayofanya mlango ufunguliwe tena mkirudi.

Mimi likizo ikianza nashuka na memori kadi mbili. Babu mdogo amenipigia simu wiki iliyopita, ameambiwa bibi alihojiwa saa mbili na yeye dakika arobaini tu, na hajafurahi. Anasema ana mambo ya kuongeza, na kwamba yale ya bibi mengine inabidi ayarekebishe. Nimemwambia asubiri, asianze kumsimulia mtu mwingine. Amenijibu, "We njoo tu mjukuu wangu, ila wahi."

Umeme umekatika hapa bloku B, laptopu imebaki asilimia 11. Usiku mwema.